Biharusi, Mkataba wa Nyumba ya Likizo Unao Mlango wa Kutokea?



Msimu wa harusi ukifika hapa Gungu, simu ya biharusi haipumziki. Mwenye keki, mpambaji, mpiga picha, mshona sare, kila mmoja anataka kianzio. Siku hizi ameongezeka mgeni mwingine, anayeuza likizo. Anakwambia umeshinda siku tatu za hoteli ya ufukweni, bure kabisa, njoo na mumeo mkala fungate, mtasikiliza maelezo kidogo tu. Maelezo kidogo yanakula nusu siku. Mkitoka mna mkataba mkononi: mmenunua wiki moja ya kila mwaka katika nyumba isiyo yenu, wiki nyingine ni za watu wengine, na kila mwaka mtalipa ada ya matunzo, mwende msiende.

Wauzaji huiita klabu ya likizo. Ndugu zetu walioko Ulaya wanaijua kwa jina la taimusheya. Wapo wanaoifurahia, hatuwaingilii. Sisi leo tunasema na yule aliyesaini na usingizi ukakata. Dada, toka. Na utoke sasa hivi, maana kila siku unayokaa kimya mlango unazidi kuwa mwembamba.

Tunajua kwa nini wengi wananyamaza. Mke mpya hataki aonekane anaikataa zawadi ya mume. Mume naye hataki mke ajue kwamba alibabaishwa. Kuna biharusi mmoja wa hapa kwetu, kianzio kilitoka kwenye mahari yake. Alirudi Kigoma kwa treni, mkataba akauficha chini ya viatu vya harusi, na alipokuja kumwambia shangazi yake, tayari wanadai ada ya mwaka wa pili. Hili la mahari linatuuma kuliko yote. Mahari ni haki yako peke yako, si ya baba, si ya mume, sembuse ya mtu aliyekupigia simu kukwambia umeshinda!

Halafu tuyaangalie maisha yetu. Gungu, Ujiji, Kibirizi, wengi wetu riziki inatoka ziwani, kwa dagaa na migebuka, moja kwa moja au kupitia mtu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu mizima. Ada ya nyumba ya likizo haijui mbalamwezi wala kufungwa kwa ziwa, na mara nyingi inahesabiwa kwa dola na kupanda. Hata wanaoshirikiana mtumbwi na nyavu wanajua mwenzao akichoka anatokaje: hesabu inapigwa, fungu lake linanunuliwa, anaondoka na salamu.

Wengine wanajifunga kwa dini. Wanasema Muislamu akishatoa neno harudi nyuma. Ahadi ni deni, kweli, lakini dini hiyohiyo imeweka mlango wa khiyari katika biashara. Ipo khiyari ya kikao, muuzaji na mnunuzi wakiwa bado hawajaachana. Ipo khiyari ya sharti, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafi inafika siku tatu, na masheikh huieleza kwa kisa cha sahaba aliyekuwa akipunjwa sokoni, Mtume (S.A.W.) akamfundisha aseme waziwazi kwamba pasiwe na hadaa. Ipo na iqala: mmoja amejuta, mwenzake akakubali kuvunja mauzo, na anayekubali ameahidiwa kusamehewa makosa yake Siku ya Kiyama. Neno letu hiari lina shina moja na khiyari. Sasa tazama wauzaji wa likizo wanavyofanya: hawataki mtoke chumbani mkafikirie, bei ni ya leo tu, kesho haipo. Hiari iko wapi hapo?

Serikali nazo zimeliona. Kwa hiyo jambo la kwanza, fungua mkataba utafute unafuata sheria ya nchi gani. Ukiwa ni wa Kenya, na mahoteli ya Mombasa na Diani si mbali na maharusi wetu, Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 inautaja mkataba wa namna hii kwa jina lake. Unaweza kuuvunja bila kutoa sababu yoyote hadi siku kumi baada ya kupokea nakala ya maandishi. Nakala inayotimiza sheria usipopewa, una mwaka mzima tangu mlipokubaliana. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza zinatoa siku 14, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata kianzio. Hispania, ambako biashara hii imejaa visiwani, sheria iliyoanza Januari 1999 iliweka kikomo cha miaka 50, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya huko ikasema mikataba isiyo na mwisho iliyofungwa chini ya sheria hiyo ni batili. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyesainishwa kwa hadaa au maelezo ya uongo haki ya kuukataa mkataba.

Ukiwa bado ndani ya siku zako, andika barua leo. Iwe fupi: jina, namba ya mkataba, tarehe, nimeuvunja mkataba huu, rudisheni fedha yangu. Sababu usieleze, ukianza kueleza wanapata pa kukushika. Itume kwa baruapepe na kwa njia ya posta yenye risiti, risiti uitunze na cheti cha ndoa. Usiwapigie simu. Wakikupigia wao na punguzo jipya, hilo si jibu la barua yako.

Siku zikiwa zimepita, kazi inakuwa nzito, hatukufichi. Usikimbilie kuacha kulipa na kuzima simu, deni linaendelea kukua. Omba kwa maandishi wakupokee fungu lako na kukuachilia. Andika yote uliyoahidiwa kwa mdomo ambayo hayamo kwenye karatasi, maana hapo ndipo hadaa inapoonekana, kisha umpelekee wakili au msaidizi wa kisheria. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na huduma yao ni bure.

Ila jihadhari na tapeli wa pili. Anajua umenaswa, pengine amelipata jina lako kwenye orodha iliyouzwa, naye anakuja na sauti ya upole: tutakutoa, lipa kwanza gharama. Au kuna mnunuzi anaisubiri wiki yako, lipa kodi kidogo tu. Huko Uingereza watu wazima wamepoteza akiba za uzee kwa njia hii, wametoka na mkataba uleule na mfuko mtupu. Anayetaka fedha kabla hajafanya lolote, mwambie asante.

Kwa mabiharusi ambao bado, mnaoolewa na ndugu zetu wa London au Muscat: mchumba anaweza kuwa na mkataba kama huu tangu kabla hajakujua. Mwulize kabla ya siku ya nikaha, kama unavyouliza nyumba na watoto. Baadhi ya mikataba hii husema inarithiwa, na katika mirathi yetu madeni hulipwa kwanza, ndipo wajane na mayatima wapate fungu lao. Akisema ndiyo, ninao, usikasirike. Mwambie aulete, mkae na mtu anayejua kusoma mikataba, na muangalie ukurasa unaoeleza namna ya kutoka kabla ya ule wenye picha za bahari.