Uchumi wa Nyumbani: Bei ya Chumba si Amri

Ndugu msomaji, wazee wetu walitufundisha kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Leo napenda tulifungue daftari la safari, hasa ukurasa wa malazi, maana hapo ndipo fedha nyingi za mfanyakazi hupotea bila mwenyewe kutambua.

Mwaka jana mimi na mke wangu tulimpeleka mama Dar es Salaam kutoka Iringa kwa matibabu ya macho. Kwa hofu ya kukosa pa kulala, tuliweka nafasi katika hoteli moja mwezi mzima kabla ya safari, kwa Sh. 90,000 kila usiku, siku nane. Asubuhi ya kwanza, wakati wa kifungua kinywa, tuliketi na mgeni mwenzetu aliyekuwa na chumba kama chetu. Yeye alilipa Sh. 75,000. Nilipouliza mapokezi, nilijibiwa kwa upole: “Bei ilishuka wiki iliyopita, mzee. Ungetupigia simu mapema tungekubadilishia.” Tofauti ya siku nane ilikuwa Sh. 120,000. Fedha hizo zingemnunulia mama miwani. Badala yake tulikwenda kukopa kwa shemeji.

Kosa lilikuwa langu. Nilidhani kwamba mtu akisha kuweka nafasi, mazungumzo ya bei yamekwisha. Sivyo.

Yafaa kwanza tujue kwa nini bei hubadilika. Chumba kilicholala kitupu usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho. Ni sawa na kiti cha basi lililokwisha ondoka. Kwa hiyo mwenye hoteli hupandisha bei wageni wanapokuwa wengi, na huiteremsha wanapopungua, kama afanyavyo mchuuzi wa samaki jua linapokuchwa. Dodoma vyumba huwa adimu wakati wa Bunge la bajeti, kati ya Aprili na Juni. Unguja hujaa watalii Julai na Agosti, na tena mwishoni mwa Desemba; lakini wakati wa masika wageni hupungua na bei hulegea.

Basi, ndugu msomaji, tufanyeje?

Kwanza, uwekapo nafasi, chagua ile inayoweza kufutwa bila faini, hata kama bei yake imezidi kidogo. Malipo yasiyorudishwa huwa nafuu, lakini hukufunga mikono: baada ya hapo utaweza kuomba tu, wala hutakuwa na haki ya kudai. Andika daftarini siku ya mwisho ya kufuta.

Pili, siku chache kabla ya tarehe hiyo, itazame bei upya. Linganisha mambo yaliyo sawa: tarehe zilezile, chumba cha aina ileile, idadi ileile ya watu, kodi ikiwa ndani, na kifungua kinywa pia. Bei ndogo isiyo na chakula yaweza kuwa kubwa kuliko uliyoikimbia.

Tatu, piga simu hotelini moja kwa moja. Ikiwa uliweka nafasi kwa wakala wa mtandaoni, hoteli humlipa kamisheni, aghalabu asilimia 15 hivi au zaidi. Katika chumba cha Sh. 90,000, asilimia hiyo ni Sh. 13,500. Hapo ndipo penye nafasi ya mazungumzo, kwani meneja anaweza kukupunguzia sehemu ya fedha hizo naye asipate hasara. Uliza pia kama kuna bei ya wakazi, au punguzo kwa mgeni wa siku nyingi. Sema kwa adabu: “Ndugu, nina nafasi kwenu tarehe fulani kwa bei hii. Leo naona chumba kama hicho kwa bei ndogo zaidi. Je, mwaweza kunisaidia?” Akishindwa kupunguza fedha, omba kitanda cha ziada kwa ajili ya mtoto, au chakula cha asubuhi.

Nne, usiache mbachao kwa msala upitao. Usifute nafasi ya zamani mpaka ile mpya imethibitishwa kwa maandishi, pamoja na jina la aliyekubali na bei mliyopatana.

Hata hivyo, haki yetu isiwe dhuluma kwa wengine. Wako watu ambao huweka nafasi katika hoteli tatu, kisha wakalala katika moja bila kuziarifu nyingine. Wengine hutaja bei ambayo hawakuiona popote. Huo ni uongo, na hasara yake humwangukia hata mhudumu anayetandika vitanda, ambaye ni mfanyakazi kama sisi.

Mwaka huu mama alitakiwa kurudi kupimwa macho. Tuliweka nafasi katika hoteli ileile, nami nikapiga simu siku tano kabla ya safari. Nilizungumza kwa dakika chache tu, na bei ikateremka kwa Sh. 12,000 kila usiku. Fedha zilizobaki tulizipeleka kwa fundi wa miwani, na sasa mama anajisomea barua zake mwenyewe.

Kuuliza si ujinga, ndugu msomaji. Tukutane Jumapili ijayo.