Mficha Uchi Hazai, Lakini Amfunulie Nani?

Mwezi wa Septemba, 2018, sisi tunaokaa barazani baada ya sala ya alasiri hatukuwa na mazungumzo mengine ila ya marehemu Sharon Otieno. Msomaji, bila shaka wakumbuka. Binti huyo wa Homa Bay, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, katika Kaunti ya Migori. Alikuwa mja mzito wa miezi saba. Maiti yake iliokotwa katika msitu wa Kodera, upande wa Homa Bay, na mtoto aliyekuwa tumboni akafa naye. Waliotuhumiwa walifikishwa mahakamani, na kuhukumu ni kazi ya mahakama, si yangu.

Ninalotaka kulisema leo ni la ndimi zetu. Pale barazani hatukuuliza nani aliyemwua. Tuliuliza alikuwa akivaa nini, akipanda magari ya nani, na mimba ile aliipataje. Mmoja wetu akasema, "Kayataka mwenyewe." Nami nikaitikia. Sisi hao, tuliofunzwa tangu utotoni kwamba Sura ya Hujurati yamfananisha msengenyaji na mtu alaye nyama ya nduguye aliyekufa!

Binti wa ndugu yangu alikuwa ndani, akisikia yote. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma huko huko Rongo, na sanduku lake lilikuwa limekwisha fungwa. Usiku ule akaniuliza, "Ami, na mimi nikifikwa na jambo huko, mtasema hivyo hivyo?"

Sikuwa na jibu.

Kwetu mwambao, chuo kwanza kilikuwa ni chuo cha Kurani. Mzazi alipompeleka mtoto kwa mwalimu, alimkabidhi apewe elimu na adabu pamoja. Mke wa mwalimu alikuwa mama wa wote, na mtoto mwenye shida alijua mlango wa kubisha. Chuo kikuu cha leo ni mji mzima. Mtoto hupanga chumba nje ya lango, pesa za matumizi humwishia katikati ya muhula, na mtu mzima mwenye fedha na gari hayuko mbali. Akinaswa, amwambie nani? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Naam, lakini ikiwa kila anayefunua huchekwa, basi ataona afadhali afiche, na katika kuficha huko ndimo mabaya yanamoota mizizi.

Wala jambo hili si la Rongo peke yake, wala si la jana. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palikuwa na desturi iliyoitwa Punch. Wanafunzi wasiojitaja majina walibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwaaibisha wenzao, hasa wasichana waliokataa kuwaridhia wanaume. Mwezi wa Februari, 1990, msichana wa mwaka wa kwanza, Levina Mukasa, alijiua baada ya kuandamwa namna hiyo. Karatasi zile leo zimehamia katika simu, na aibu ya msichana hufika Mombasa kabla mwenyewe hajaamka.

Je, tufanyeje? Kwanza, kila chuo kiweke mama mtu mzima, mtunza siri, asiyefundisha wala kusahihisha mitihani, ili mwanafunzi asimwogope. Mlango wake uonyeshwe wageni wote katika wiki ya kwanza. Pili, anayetangaza aibu ya mwenziwe aadhibiwe kama mwizi wa mitihani anavyoadhibiwa. Hayo ni ya wakuu wa vyuo.

La tatu ni la wanafunzi wenyewe, na hili nimeliona. Binti yetu alikwenda Rongo, na amekwisha maliza masomo. Katika Ramadhani yake ya kwanza, mwenzake wa chumba, msichana wa Kijaluo asiyefunga, alikuwa akiamka naye usiku kumpashia daku. Huyo ndiye aliyekuwa akimwambia siri zake, si sisi. Mjini Homa Bay kuna chuo kikuu chenye jina la Tom Mboya, aliyefanya bidii mwaka 1959 hata vijana 81 wakapelekwa kwa ndege kusoma Marekani. Lakini ndege humfikisha mwanafunzi tu. Akishafika ugenini, huhitaji mtu wa kumpokea, na msichana yule wa Kijaluo alimpokea mwana wetu.

La mwisho ni letu sisi wazazi, nalo ndilo zito. Tunawausia mabinti wajitunze, na wasia huo ni mwema. Lakini wasia usiwe kufuli. Mtoto akikosea bado ni mtoto wetu, na akidhulumiwa ni zaidi.

Siku ya safari nilimsindikiza binti yule kwenye basi. Hapo ndipo nilipompa jibu lake: "Mwanangu, ukifikwa na jambo lolote, liwe la kosa lako au la mwingine, nipigie mimi kwanza. Sitakuuliza ulivaa nini."

Akacheka, kisha akalia. Nami jioni ile barazani, jina la marehemu lilipotajwa tena, niliwaomba wenzangu tumwombee mamake subira. Baraza ilinyamaza kimya. Nadhani kila mmoja alikuwa akimkumbuka binti wake.