Trauti Sio Samaki wa Wazungu

Wacha niseme mapema ndio tusipotezeane wakati: sisi vijana wa Kenya tumewaachia watu wengine mlima wetu, na ushahidi ninao ni samaki.

Taja kuvua mbele ya marafiki zako wa Nairobi uone. Wataongea Kisumu, Naivasha, mbuta, omena, fili. Sasa taja trauti, yule samaki wa maji baridi anayeishi Mlima Kenya na Aberdare. Kimya. Ama mtu acheke aseme, "Hayo ni mambo ya wazungu na makofia yao." Hiyo kauli nimeisikia mara nyingi hadi nimeona nikae chini niijibu.

Ni kweli trauti ni mgeni. Mwaka wa 1905 mlowezi aliyeitwa Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti, yakatiwa Mto Gura kule Aberdare. Miaka michache baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye kwao ni mito ya magharibi mwa Amerika Kaskazini. Walowezi walikuwa wanataka mchezo wa kwao, basi. Lakini jiulize swali moja: hayo mayai yalifikaje Gura? Reli haikufika huko. Safari ya mwisho ilikuwa ya miguu, kupanda milima, na mizigo ilibebwa na wapagazi. Stori ikisimuliwa, jina la Grogan liko. La mpagazi hata mmoja haliko. Sasa mjukuu wa mpagazi ndiye anaambiwa samaki si wake?

Na kama ugeni ndio shida, mahindi yalitoka Amerika. Chai ilipandwa Limuru mara ya kwanza mwaka wa 1903, miaka miwili tu kabla ya trauti. Sijaona mtu akikataa ugali ama chai ya maziwa ati ni vitu vya wakoloni. Isitoshe, vifaranga vya trauti huzalishwa kwenye kituo cha serikali pale Kiganjo, Nyeri. Hiyo ni kodi ya mamako anayeuza mboga na ya babako wa bodaboda.

Mimi nilienda Ziwa Ellis. Kama hulijui, hauko peke yako, hata mimi nilikuwa sijawahi kulisikia. Liko upande wa Chogoria, ndani ya mbuga ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,400 juu ya bahari. Tulikuwa sita, tukachanga pesa ya gari la kupanda ile barabara ya msituni, tukapita mianzi, tukalala kwa hema. Usiku baridi ilikuwa ya kukuuliza umetoka ukoo gani. Asubuhi hema lilikuwa na barafu juu, na simu yangu, ambayo ndiyo ofisi yangu, ilikuwa imezima kwa baridi na ikakataa kuwaka. Kwa hivyo usiniulize klipu. Hakuna.

Aliyetuongoza ni mzee wa kutoka Chogoria. Nilishika fimbo ya kuvulia nikitaka kuanza kurusha mara moja. Akaniambia, "Kijana, hili ziwa hulijui, na lenyewe halikujui. Kaa kwanza."

Nikasema, "Sawa, mzee." Tukakaa kwenye nyasi. Hakuna muziki, hakuna stori. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama blanketi, Mugi Hill nyuma yetu, na vilele vya mlima vikaanza kushika rangi kidogo kidogo. Mwanzoni mimi niliona maji tu. Baada ya kama dakika ishirini nikaanza kuona vitu: duara ndogo inatokea karibu na majani, inapanuka, inapotea. Halafu nyingine, hatua tatu mbele. Mzee akanionyesha kwa kidevu. "Huyo anakula wadudu. Anatembea kuelekea huku. Usimrushie alipo, rushia anakoenda."

Hapo ndio nikafunguliwa mchezo. Trauti hapa hatumii mnyoo. Unatumia nzi bandia, yaani ndoano ndogo iliyofungwa uzi na manyoya ifanane na mdudu. Lazima ujue mdudu gani anaruka saa hiyo, upepo unatoka wapi, na kivuli chako kinaanguka wapi. Nilirusha nikakosa, nikarusha nikashika nyasi, wenzangu wakacheka hadi wakaketi. Karibu saa tatu asubuhi uzi ukavutwa. Manze! Huyo samaki aliruka juu ya maji mara mbili. Tulipomfikisha ukingoni, alikuwa na madoadoa meusi na mstari wa waridi ubavuni, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Mzee akalowesha mikono kwanza kabla ya kumgusa, ndio asimtoe ute unaomkinga na magonjwa.

Tulipata wawili asubuhi yote. Tukala mmoja, mwingine tukamrudisha. Kuna watu watasema kumrudisha ni kutesa samaki bure, na nawaelewa. Msimamo wangu ni rahisi: ukichukua, kula. Ukirudisha, rudisha haraka, akiwa mzima. Usimshike hewani dakika tano ukitafuta mwanga mzuri wa picha.

Sasa mbona nakusumbua na samaki wakati kodi ya nyumba imepanda? Kwa sababu ya maji. Trauti anataka maji baridi, safi, yenye oksijeni nyingi. Maji yakianza kupita nyuzi 20 hivi, anahangaika. Miti ikikatwa kando ya mto, jua linapasha maji na udongo unafunika changarawe anapotagia. Yeye hulalamika mapema, kabla yetu. Na hiyo mito ya juu ndiyo inaingia Tana, inayoendesha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji mengi ya Nairobi yanatoka Ndakaini, bwawa linalojazwa na mito ya Aberdare. Kule juu kwenyewe, barafu ya Lewis imesinyaa hadi imebaki kipande. Unachaji simu, unaoga, unapika, na hujawahi kuona hayo maji yakianza safari. Mtu akija kukata huo msitu, utajuaje kilichopotea?

Hiyo ndiyo hasara ya kusema "ni mambo ya wazungu". Kitu ambacho hukijui huwezi kukipigania. Ukitafuta Ziwa Rutundu mtandaoni, lililo mlima huohuo, utaambiwa ndipo Prince William alimchumbia Kate Middleton mwaka wa 2010. Sawa, hongera kwao. Lakini ziwa lina stori zaidi ya pete ya mtu mmoja, na sisi ndio tunafaa kuzisimulia.

Sisemi mambo ni rahisi. Kuna mahali kule mlimani tulipouliza kuhusu uvuvi tukaangaliwa viatu kwanza, halafu tukaambiwa "hiyo ni ya wageni." Wageni! Na pesa ni pesa: gari, kiingilio, leseni, fimbo. Lakini Mkenya halipi kiingilio cha mtalii, gari mnachanga, fimbo mnaazimana. Watu sita wakinyima klabu wikendi mbili, wanafika. Shule za sekondari zilizo chini ya mlima zingekuwa na klabu za uvuvi, na wazee wanaojua hayo maji wangelipwa kufundisha. Na sisemi tumwage trauti kila mto. Yeye hula wadudu na viumbe wa asili, kwa hivyo abaki pale alipo tayari.

Ombi langu ni dogo. Mwaka huu, chagua maji moja ambayo hujawahi kuyaona na yanakulisha. Uliza getini kuhusu leseni, tafuta mzee anayeyajua, mlipe vizuri. Ukifika, kaa kwanza. Halafu mtu akikuambia hapo si pako, mwonyeshe mfereji wa nyumbani kwako umuulize maji yanatoka wapi.