Sabuni Haizungumzi

Wapo wasemao kwamba kumtunza mzee mpweke ni kazi ya Serikali tu. Twawapinga. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwahesabu wazee miongoni mwa wachache wenye haki ya kutegemea jasho la wengine. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo iliyafanya makazi ya wazee kimbilio la mwisho.

Vijana wa Meru wameteremka mjini. Mzee amebaki na migomba yake na hadithi zisizo na msikilizaji. Sabuni anayopelekewa Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, haizungumzi.

Wanafunzi na waende kila juma, waketi, wasikilize. Huko si kutoa sadaka, ni kulipa deni. Penye wazee haliharibiki neno, lisiposikilizwa, huharibika.