BARAZA YA JAMAA: Meli ya Nyasa au Meli ya Tanganyika?



Ndugu mmoja mkulima wa kahawa kule Mbozi ametuletea barua ya kurasa mbili. Yeye na mkewe waliweka akiba kidogo katika malipo ya kahawa ya msimu uliopita, nao wanataka kuwachukua watoto watatu pamoja na bibi yao kwa safari ya siku tano, likizo ya mwezi wa Juni, wapande meli. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kupanda meli. Shida yao ni moja. Baba anataka meli ya Ziwa Tanganyika, mama anataka meli ya Ziwa Nyasa, na hawajaelewana. Anauliza: "Je, mimi niliye kichwa cha nyumba, nikiamua peke yangu, nimekosa?" Na chini kabisa ya karatasi, kwa mwandiko mwingine, kuna maneno haya: "Mwulizeni kama ameuliza habari za upepo."

Maneno hayo ya chini yametupendeza sana. Tutayarudia.

Najua wako watakaosema kwamba matembezi ni mambo ya wenye mali, na kwamba mkulima mwenye fedha kidogo anunue bati. Mimi sioni hivyo. Bati ni jambo jema, lakini mtoto aliyekwenda mahali pamoja na baba yake na mama yake ana kitu ambacho mvua haikiozeshi. Tena wakati wenyewe ni mzuri. Mbozi na Tunduma ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni asubuhi zetu ni za kuota moto. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Mtu huondoka nyumbani na koti na blanketi, akifika Kyela anatafuta kivuli. Sharti moja tu: fedha za mbolea zisiguswe. Ziwekwe kando kwanza, kisha ihesabiwe nauli ya kwenda na ya kurudi kwa watu wote sita, ndipo yazungumzwe mengine.

Sasa hayo maziwa mawili. Sisi watu wa Songwe tumewekwa katikati yake. Ukishika njia ya Sumbawanga, kisha ukateremka kwa Matai, utafika Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Ukishika njia ya Mbeya, Uyole na Tukuyu, utafika Kyela kwenye Ziwa Nyasa. Mvua inyeshayo Ileje yenyewe huteremka na mto Songwe mpaka Nyasa.

Namwelewa huyu baba kwa nini ameipenda Tanganyika. Nani asiyejua habari za Liemba? Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa garimoshi mpaka Kigoma na kuunganishwa upya. Ilishushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate, nao walikuwa wameipaka mashini zake mafuta mazito zisile kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lile upande wa kusini. Ilichukua abiria, dagaa, mahindi, na mwaka 1997 ikawarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Penye vijiji visivyo na gati ilisimama mbali kidogo, na mitumbwi ikaifuata huku watu wakipokezana watoto na mafungu ya mizigo juu ya maji.

Bibi wa nyumba hii naye, twaambiwa, yuko upande wa mwanawe, kwa sababu anatamani kuiona Karema. Nao ni moyo wa kusifiwa. Karema ndipo walipofika Mapadre Weupe mwaka 1885, na ndipo alipofanya kazi Adrian Atiman, mtu wa nchi ya Mali, aliyeibwa na kuuzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomea uganga kule Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na mganga, na hakuondoka. Alifariki huko mwaka 1956, baada ya kuwatumikia wagonjwa miaka 67. Hospitali ya Kanisa ya Sumbawanga ina jina lake mpaka leo.

Lakini, ndugu yangu, mtu hapandi meli ya hadithi. Hupanda meli iliyo majini siku ile aliyofika gatini. Liemba ni mzee wa zaidi ya miaka mia moja, na miaka hii ya karibuni ilisimamishwa kwa matengenezo makubwa. Basi usikate tiketi ya basi la Sumbawanga kwa kuwa baba yako alikusimulia. Piga simu bandarini Kasanga, uambiwe meli iko kazini na siku yake ni ipi. Wakikujibu, "Njoo tu, usafiri hautakosekana," jua wanakutajia maboti ya mbao, na hapo ndipo swali la mama linapoingia.

Mwezi wa Mei mpaka Agosti, katika maziwa yote mawili, ndio wakati wa upepo wa kusini. Jirani zetu wa Malawi wanauita mwera. Hutoka upande wa kusini na kukimbia juu ya maji marefu bila kizuizi: Nyasa ina urefu wa kilometa zaidi ya 550, Tanganyika zaidi ya 650. Hata uanze na mawimbi ya kiganja, ukifika mwisho wa ziwa umekuwa na mawimbi ya kumtapisha baharia. Kwa hiyo miezi ya baridi, ambayo kwetu ni miezi ya kiangazi na ya mapumziko, kwa watu wa maji ni miezi ya kuangaliwa. Baharini nako ni hivyo hivyo: meli ya Skagit ilizama kati ya Dar es Salaam na Unguja tarehe 18 Julai, 1992 isidhaniwe, ni 2012, wakati wa kusi.

Sisemi hayo ili watu wakae nyumbani. Nasema ili wajue cha kuuliza. Kivuko cha Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara, Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018, hakikupigwa na dhoruba. Kilikuwa na nafasi ya watu 101, kikapakia wengi kupita kiasi siku ya gulio, na walipokaribia gati watu wakasogea upande mmoja. Walikufa zaidi ya 220, wakiuona ufuko.

Basi baba, ukifika bandarini, usianze na bei. Uliza chombo kina ruhusa ya kuchukua watu wangapi, kisha watazame kwa macho yako waliokwisha kuingia. Uliza cheti cha ukaguzi cha TASAC. Chombo halali hakioni haya kukionyesha. Tazama jaketi okozi ziko wapi, na kama ziko za watoto, maana jaketi la mtu mzima humtoka mtoto likabaki likielea peke yake. Hakikisha majina yenu yote sita yameandikwa, hata la mdogo asiyelipa nauli. Na chombo kinapofunga gati, kaeni mlipo. Bibi asiinuke mpaka kamba zimefungwa.

Kwa mwaka huu mimi nawashauri Nyasa. Njia ni fupi kwenu, na iko meli ya MV Mbeya II, iliyoundwa pale pale Kyela na kuanza kazi mwaka 2021, yenye nafasi ya abiria 200 na shehena ya tani 200. Hupita chini ya milima ya Livingstone, ambayo imesimama ndani ya maji kama ukuta, na kuvifikia vijiji vya Ludewa ambavyo barabara yao kubwa ni ziwa. Lupingu, Manda, Liuli, mpaka Mbamba Bay. Pale Liuli mwaka 1914 Waingereza waliivizia meli ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, wakaiharibu. Nahodha wake, wasema, alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Watoto watapenda kusimuliwa hilo wakiwa pale pale.

Ulizeni mapema meli inaondokea Itungi au Kiwira, na itarudi lini. Msishuke katikati ya njia kama hamna mwenyeji, mkaja kukwama siku nne mkiisubiri irudi. Na mkiambiwa upepo ni mkali, msibishane na nahodha. Nendeni Matema kwa gari, mkae ufukoni, watoto waoge penye maji madogo, mama anunue chungu cha Wakisi, nanyi mtakuwa mmeliona ziwa. Pangeni pia Jumapili iwakute mahali penye Misa, si katikati ya maji.

Kuhusu kichwa cha nyumba: ndugu, wewe ulitazama jina la meli, mkeo akatazama upepo. Nani kati yenu alikuwa akiongoza? Nunua tiketi wewe, kama hilo litakupa raha, lakini siku ya safari aichague yeye.

Bibi asivunjike moyo. Karema haihitaji meli. Wakati wa kiangazi hufikiwa kwa gari kutoka Sumbawanga kwa njia ya Mpanda, na siku hizi pana bandari mpya. Safari hiyo ni ndefu kwa mtu wa umri wake, basi alale njiani Sumbawanga, na mjukuu mmoja mkubwa amsindikize amshikie mfuko.