Blogu ya mwandishi wa habari: Inaweza kumpa kazi, au kumkosesha

Machi 2003, vita vya Iraq vikiwa vimeanza, Kevin Sites alikuwa huko akiripoti kwa ajili ya CNN. Pembeni alikuwa na blogu yake binafsi, akiandika aliyoyaona ambayo hayakupata nafasi kwenye TV. CNN ikamtaka aisimamishe. Hoja yao: kuripoti vita ni kazi ya muda wote. Naye akatii.

Lakini stori haikuishia hapo.

Novemba 2004, safari hii akiwa na NBC, Sites alirekodi mwanajeshi wa Marekani akimpiga risasi mtu aliyejeruhiwa ndani ya msikiti mjini Fallujah. Lawama zikamwandama yeye mwenye kamera. Ni kwenye blogu ileile alipowaandikia barua wanajeshi aliokuwa nao, akieleza alichokiona na kwa nini alikitoa. Mwaka 2005 Yahoo! ikamchukua kuripoti vita mtandaoni.

Mtu yuleyule, blogu ileile. Kwa bosi mmoja ilikuwa tatizo, kwa mwingine ikawa CV.

Kwa Tanzania, mfano wa karibu ni Muhidin Issa Michuzi. Alikuwa mpigapicha wa Daily News alipoanzisha blogu yake mwaka 2005. Jina lake likavuka kurasa za gazeti na kuwafikia hata Watanzania walioko ughaibuni.

Tatizo huanzia wapi? Mara nyingi ni maswali matatu ambayo hakuna aliyeyauliza mapema. Muda wa kuandika ni wa nani? Picha iliyopigwa ukiwa kazini ni mali ya nani? Na ukitoa maoni makali kuhusu mwanasiasa leo, kesho ukitumwa kumhoji, nani ataamini kwamba huna upande?

Swali la tatu ndilo gumu zaidi. Msomaji hatofautishi akaunti binafsi na ya ofisi. Anachokiona ni jina.

Kisha kuna sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wa Tanzania kuwa na leseni, na ada yake ilikuwa Sh1 milioni kwa mwaka. Ukiandika nje ya chumba cha habari, hakuna mhariri wala mwanasheria wa kampuni wa kukukingia kifua.

Kwa hiyo kabla ya kuposti, malizana na mhariri wako kwanza, tena kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo husahaulika siku mambo yakichacha.