Tiba ya Pumu Haiishii Zahanati

Mvua za masika zinapoanza katika mwambao wa Tanzania, zahanati hupokea wagonjwa wale wale: mtoto aliyebanwa kifua, mama anayepiga chafya tangu alfajiri, mzee ambaye pampu yake ya pumu imekwisha kabla ya wakati. Hupewa dawa, hupata nafuu, kisha hurejea katika chumba kile kile kilichowadhuru.

Aghalabu lawama hutupiwa chavua. Ni kweli kwamba nyasi huchanua baada ya mvua na chavua yake huamsha mzio. Lakini anayefunga madirisha mchana kutwa ili kuikwepa hujifungia ndani na maadui wengine: unyevu, kuvu na moshi. Utitiri wa vumbi hustawi ndani ya magodoro pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 50, kiwango ambacho Dar es Salaam, Tanga na Unguja hukipita kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mahususi kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likivihusisha na pumu na dalili nyingine za njia ya hewa.

Yapo mengi yasiyohitaji fedha. Madirisha yafunguliwe kila siku. Mwenye mzio wa chavua ayafunge saa za upepo mkali tu. Kitanda kisigusane na ukuta, godoro lianikwe juani, shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto. Nguo mbichi zisikaushwe chumbani. Jiko la mkaa libaki nje, kwani hutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Chandarua kichukue nafasi ya dawa ya mbu ya kuchoma, na udi ufukizwe madirisha yakiwa wazi.

Hata hivyo, mpangaji hana mamlaka juu ya paa linalovuja. Mwenye nyumba anayepaka rangi juu ya kuvu huficha jeraha bila kulisafisha. Ndiyo maana mhudumu wa afya hana budi kuuliza maswali matatu: ukuta una madoa ya unyevu? Chumba hupitisha hewa? Chakula hupikwa wapi? Majibu yaandikwe kwenye faili, na inapobidi, mgonjwa apewe barua ya kumwonyesha mwenye nyumba.

Mgonjwa asiache dawa zake hata siku moja. Lakini kuongeza dozi bila kuuliza habari za chumba anacholala ni kukausha sakafu huku bomba likiendelea kuvuja.